Wasemaji Milioni 200: Takwimu za Kiswahili na Namna Zinavyosomwa Vibaya

Utangulizi

Ni nadra kongamano la Kiswahili kufunguliwa bila mgeni wa heshima kutaja idadi ya wasemaji wa lugha hii. Zamani idadi iliyopendwa ilikuwa milioni 50. Baadaye ikawa milioni 100, kisha 150. Tangu UNESCO ilipoiteua tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mnamo Novemba 2021, idadi inayotajwa ni zaidi ya milioni 200, nayo huandamana na dai kwamba Kiswahili ni miongoni mwa lugha 10 zinazozungumzwa zaidi duniani. Ukumbi hupiga makofi. Muda si muda idadi iyo hiyo huibuka katika sura ya kwanza ya tasnifu, chini ya usuli wa mada, ikiwa imetiwa jina la mtaalamu na mwaka mabanoni. Mtaalamu huyo akifuatiliwa, mara nyingi huonekana kwamba naye alimnukuu mwingine, na huyo mwingine hakuhesabu mtu yeyote.

Makala haya hayakusudii kukipunguzia Kiswahili hadhi. Hadhi hiyo ina ushahidi wake usiohitaji tarakimu: Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji aliwahutubia viongozi wenzake wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili mjini Addis Ababa mwaka 2004, Uganda ilikiingiza katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, Rwanda ikakifanya rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha ya kazi. Kinachochunguzwa hapa ni jinsi takwimu inayohusu kundi la watu inavyoweza kuwa na asili halali, kisha ikasomwa kana kwamba inajibu swali ambalo haikuulizwa.

Msemaji ni Nani?

Tuchukue kijiji cha kubuni chenye watu 100. Watu 10 kati yao walilelewa kwa Kiswahili tangu utotoni. Wengine 30 walijifunza shuleni au mjini, nao wanaweza kujadili siasa, kusimulia ndoto na hata kugombana kwa lugha hiyo bila kukwama. Watu 40 hukitumia sokoni na katika kituo cha matatu: wanajua salamu, bei na njia, lakini daktari akiwaeleza namna ya kutumia dawa watahitaji mtu wa kuwafasiria. Watu 20 waliosalia hawakijui kabisa. Je, kijiji hiki kina wasemaji wangapi wa Kiswahili?

Anayehesabu wasemaji asilia atajibu 10. Anayehesabu umilisi wa kutosha atajibu 40. Anayehesabu yeyote anayeweza kununua unga kwa Kiswahili atajibu 80. Hakuna aliyesema uongo. Upotoshaji unaanza pale neno "wasemaji" linapoandikwa peke yake, bila kigezo, na msomaji akaachwa ajaze kigezo anachokitaka yeye. Msomaji mwenye mapenzi na lugha yake, bila shaka, atachagua 80 kisha awafikirie wote 80 kuwa na umilisi wa wale 10.

Kisa hiki si cha kubuni pindi tunapofungua orodha ya lugha za dunia iitwayo Ethnologue, ambayo wanafunzi wengi huinukuu. Toleo lake la mwaka 2005 lilikuwa na wasemaji asilia wa Kiswahili wasiofika milioni 1. Muongo mmoja na zaidi baadaye, matoleo yake yalitaja wasemaji asilia wapatao milioni 16. Mwanafunzi anayeziweka tarakimu hizi mbili kwenye mchoro mmoja na kuandika kwamba Kiswahili kiliongezeka zaidi ya mara 15 atakuwa amechora mabadiliko ya kigezo akidhani anachora historia. Akina mama wa Afrika Mashariki hawakuzaa Waswahili milioni 15 kwa muda huo. Kilichobadilika ni chanzo cha data na jibu la swali la nani ahesabiwe: ni mzaliwa wa Lamu na Unguja tu, au pia mtoto wa Dar es Salaam ambaye wazazi wake ni Mnyakyusa na Mchaga, na ambaye hajui lugha nyingine ya nyumbani ila Kiswahili? Na mtoto wa Eastlands, Nairobi, aliyelelewa kwa Sheng, aandikwe wapi? Wanaisimu hawajakubaliana, na karani anayejaza jedwali hana muda wa kungoja wakubaliane.

Kuna mtego mwingine ndani ya orodha iyo hiyo. Katika mfumo wa kimataifa wa misimbo ya lugha, Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake, swc, na Kiswahili cha Tanzania na Kenya kina wake, swh. Vyote viwili vimewekwa chini ya msimbo mpana, swa. Anayesoma mstari wa swh pekee amewaacha nje wasemaji wa Lubumbashi, Bukavu na Kisangani pasi na kujua. Suala la zamani la lugha na lahaja, ambalo hufundishwa mwaka wa kwanza na kusahauliwa mwaka wa pili, hapa linaongeza au kupunguza mamilioni ya watu.

Njia ya Kufikia Milioni 200

Hebu tujumlishe. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu 47,564,296. Jumla ni milioni 109.3. Uganda, kwa sensa ya mwaka 2024, ina takribani milioni 45.9, tumefika milioni 155.2. Rwanda, kwa sensa ya mwaka 2022, ina milioni 13.2, sasa ni milioni 168.4. Tukichota theluthi moja ya wakazi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao hukadiriwa kuzidi milioni 100, tunavuka milioni 200.

Lakini tazama tulivyofika. Tumemhesabu kila Mtanzania, kila Mkenya, kila Mganda na kila Mnyarwanda. Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, watoto walio chini ya umri wa miaka 5 walikuwa wakikaribia milioni 6. Wengi wao walikuwa wasemaji wa kilio. Tumemhesabu mkulima wa Buganda ambaye kwake Kiswahili kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya askari, si ya jirani. Na kuhusu Kongo, tumechota theluthi ya idadi ambayo nayo ni makadirio juu ya makadirio, kwa kuwa sensa ya mwisho nchini humo ilifanyika mwaka 1984. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za kitaifa huko, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba, na ngome yake ni mashariki. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba Kivu na Katanga akiuliza nani anakizungumza.

Haidaiwi hapa kwamba UNESCO ilijumlisha kwa njia hii. Linalodaiwa ni kwamba hakuna sensa inayoweza kutoa idadi hiyo moja kwa moja. Hata Kenya, hojaji za sensa za mwaka 2009 na 2019 ziliuliza kabila, wala hazikuuliza mtu anazungumza lugha gani. Kwa hiyo kila tarakimu ya wasemaji wa Kiswahili nchini Kenya ni makisio, hata ikiandikwa kwa nukta ya desimali.

Dai la "lugha ya saba duniani", linalopendwa katika hotuba, halihitaji kurasa nyingi. Kiingereza, Kichina, Kihindi, Kihispania, Kifaransa, Kiarabu, Kibengali, Kireno, Kirusi na Kiurdu, kila moja ikijumlishiwa wasemaji wake wa lugha ya pili, hukadiriwa kuvuka milioni 200. Hizo ni 10. Anayetaja milioni 200 na nafasi ya saba katika sentensi moja amejipinga mwenyewe.

Waswahili Waliopungua Nusu

Upande wa pili wa sarafu ni takwimu ya watu wenyewe. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 iliandika Waswahili 110,614. Ile ya mwaka 2019 iliandika 56,074. Katika kipindi icho hicho idadi ya Wakenya wote ilipanda kutoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6. Msomaji wa haraka ataona jamii inayotoweka, na pengine ataandika makala ya maombolezo kuhusu kufa kwa utamaduni wa Mji wa Kale.

Hakukuwa na tauni Lamu wala vita Mombasa. Sensa haipimi kabila kama inavyopima idadi ya vyumba. Inaandika jina ambalo mtu amejiita siku hiyo, mbele ya karani huyo, kwa kulinganisha na orodha iliyochapishwa kabla. Mtu mmoja wa pwani anaweza kwa haki kabisa kujiita Mswahili, Mbajuni, Mvumba, Mwamu, au kwa jina la mmoja wa Miji Kumi na Miwili ya Mombasa. Majina yakipangwa upya katika jedwali, au watu wakiamua safari hii kutaja jina la mji badala ya jina la jumla, jamii "hupungua" ilhali kila mtu yuko kwake akinywa kahawa. Swali la Mswahili ni nani limewashughulisha wataalamu kwa miongo: Carol Eastman aliliandikia makala mwaka 1971, Ibrahim Noor Shariff akaligusa katika Tungo Zetu mwaka 1988, kisha yeye na Alamin Mazrui wakalitolea kitabu kizima mwaka 1994. Ni muhali karani mwenye kalamu ya risasi alimalize mlangoni kwa dakika moja.

Hapa pana kinaya ambacho mwanafasihi hawezi kukipita: watu 56,074 kwa jedwali moja, milioni 200 kwa hotuba nyingine, na katikati yao lugha ni ile ile.

Kusoma si Kusema

Tanzania haijaandika kabila katika sensa tangu ile ya mwaka 1967. Inachouliza ni kama mtu anaweza kusoma na kuandika kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa lugha zote mbili, kwa lugha nyingine, au hawezi. Ni swali zuri, ila matokeo yake yamewahi kunukuliwa kama asilimia ya Watanzania "wanaojua Kiswahili". Kosa hili ni kinyume cha lile la milioni 200, kwani hupunguza badala ya kuongeza. Manju anayeghani utenzi mzima kwa kichwa, asiyewahi kushika kalamu, katika safu hiyo yumo miongoni mwa wasiojua. Fasihi ambayo vyuo vyetu vinaifundisha kwa fahari chini ya jina la fasihi simulizi ilitungwa kwa kiasi kikubwa na watu ambao safu hiyo ingewaandikia sifuri.

Aidha, hati ina siasa yake. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na tenzi nyingi za kale zimehifadhiwa kwa hati hiyo. Mzee anayesoma hati hiyo bila taabu, lakini akashindwa na herufi za Kirumi, atajibu nini akiulizwa kama anajua kusoma Kiswahili? Jibu litategemea mwulizaji alivyotamka swali, na takwimu ya taifa itasogea kulingana na adabu ya mazungumzo hayo.

Anayefichwa na Idadi

Huenda ikaulizwa: idadi kubwa inamdhuru nani, ikiwa inaisaidia lugha kupata heshima na fedha? Inamdhuru yule aliyehesabiwa kuwa msemaji ilhali si msemaji. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha inayotumiwa mahakamani. Haki hii ya pili huanza kudhoofika pindi inapochukuliwa kuwa kila Mkenya anajua Kiswahili. Bibi wa Turkana au Marsabit ambaye hakuwahi kwenda shule, na ambaye Kiswahili chake ni cha kuuzia mbuzi, yumo ndani ya milioni 200. Akifika zahanati akakuta tangazo la chanjo kwa Kiswahili peke yake, hesabu inasema amefikiwa. Yeye hajafikiwa, na kwa kuwa amekwisha kuhesabiwa, hakuna anayemtafuta.

Kwa desturi ya kila miaka 10, sensa ijayo ya Kenya inatarajiwa mwaka 2029. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina muda wa kuiandikia taasisi inayohusika na kuomba maswali mawili yaongezwe: mtu hutumia lugha gani zaidi nyumbani, na akielezwa jambo la afya au la sheria kwa Kiswahili, anaelewa vyema, kidogo, au haelewi. Hadi hapo, mwanafunzi anayeandika tasnifu anaweza kufanya jambo dogo zaidi. Kila anapotaja wasemaji, aandike ni wasemaji wa aina gani, wa nchi zipi, kwa chanzo gani na cha mwaka upi. Na chanzo hicho kikiwa ni hotuba, aseme ni hotuba.