SOMO: MALAZI YA MTOTO WA MBWA USIKU, NA NJIA ZA KUMZUIA ASITAFUNE MALI YA CHAMA



Usemi wetu wa siku zote katika ushirika ni kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tutajifunza habari ya daftari lililopotea kwa meno ya mnyama mdogo, na jinsi kila chama kinavyoweza kujiepusha na hasara ya namna hiyo.

Vyama vingi vilivyo pembezoni mwa Dar es Salaam, tangu Bunju na Boko upande wa Kinondoni hata Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, hufuga mbwa ili kumsaidia mlinzi. Wengine hulinda ofisi ya akiba na mikopo, wengine ghala la pembejeo, wengine mabanda ya kuku. Aghalabu mbwa huyo huletwa angali mdogo, naye hufungiwa ofisini usiku wa kwanza bila mtu yeyote kufikiri atalalaje. Hapo ndipo matatizo yanapoanza.

1. KISA CHENYE MAFUNZO

Miaka michache iliyopita nilikwenda kukagua vitabu vya chama kimoja cha akiba na mikopo pembezoni mwa Temeke. Nilipofungua kitabu cha stakabadhi nilikuta nusu yake haipo. Nakala kumi na nne zilikuwa vipande vipande, namba hazisomeki wala majina ya walipaji. Nilimwuliza Katibu, naye akanijibu kwa sauti ndogo: "Ndugu Mkaguzi, zimetafunwa na mtoto wa mbwa."

Naungama kwamba sikumwamini. Katika kazi hii nimekwisha kuambiwa kuwa vitabu vimeliwa na mchwa, vimelowa mvua ya masika, vimesahauliwa ndani ya daladala. Baadhi ya wajumbe walikuwa wamekwisha kunong'onezana kwamba Katibu amekula fedha za watu, kisha anamsingizia mnyama asiye na kinywa cha kujitetea.

Tuliwaomba wanachama wote waliolipa katika siku hizo walete stakabadhi walizopewa mikononi mwao. Tukazilinganisha na daftari la fedha taslimu, kisha na hati za kuweka fedha benki. Kazi hiyo ilichukua siku tatu. Stakabadhi ya kumi na nne ilikuwa kwa mama mmoja muuza maandazi aliyekuwa amesafiri kwenda msibani. Aliporudi aliitoa ndani ya pindo la khanga yake. Jumla ikalingana hata shilingi ya mwisho. Katibu aliinamisha kichwa mezani akalia mbele yetu sote.

Hakuwa mwizi. Hata hivyo kosa lilikuwapo. Bodi ilikuwa imepitisha kununua mtoto wa mbwa, lakini katika kumbukumbu za mkutano hapakuandikwa atalala wapi wala ni nani atakayemtunza. Kwa hiyo kila jioni alifungiwa ofisini peke yake hadi asubuhi, na vitabu vya chama vilikuwa ndani ya boksi la karatasi, sakafuni. Mama yule angalipoteza karatasi yake moja, mtu mwaminifu angaliishi na jina baya maisha yake yote.

2. KWA NINI HULIA, NA KWA NINI HUTAFUNA

Mtoto wa mbwa hafai kuachishwa mama yake kabla ya kutimiza majuma manane hivi. Hadi siku hiyo amelala akiwa amebanana na ndugu zake, akisikia joto lao na pumzi ya mama yao. Anapotiwa katika chumba kitupu chenye sakafu ya saruji hulia kwa sababu ile ile inayomliza mtoto wa binadamu aliyeachwa gizani. Huo si ukaidi, wala si dalili ya kwamba mbwa huyo ni mbaya.

Kutafuna nako kuna sababu. Mtoto wa mbwa huota meno ya utotoni 28. Kuanzia mwezi wa nne hivi meno hayo huanza kung'oka, na ifikapo mwezi wa saba huwa amepata meno ya ukubwani 42. Katika muda huo fizi humwasha, naye hutafuta chochote cha kuzipoza. Zaidi ya hayo, mbwa mdogo huijua dunia kwa kinywa chake, kama sisi tunavyoijua kwa mikono. Mwenye upweke au asiyechoshwa na michezo hutafuna zaidi. Kwa hiyo malazi na kutafuna ni jambo moja lenye pande mbili: alalaye vibaya usiku ndiye aharibuye vitu.

3. ALALE WAPI

Mahali pazuri kuliko pote, kwa majuma ya mwanzo, ni karibu na mtu. Hapa chama kina nafasi nzuri kuliko nyumba nyingi, kwa kuwa mlinzi yu macho usiku kucha. Basi malazi yawe barazani, chini ya paa, hatua mbili tatu kutoka kiti cha mlinzi. Yatengenezwe hivi:

(a) Tafuteni kasha la mbao lenye mlango wa fito au wa wavu. Liwe na nafasi ya kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Likiwa kubwa mno atalala pembe moja na kujisaidia pembe nyingine.

(b) Liinueni kwa matofali ili maji ya mvua yasimfikie, na mliweke mahali pasipopigwa na upepo moja kwa moja.

(c) Tandikeni gunia safi au nguo kuukuu. Siku ya kumchukua, mwombeni mwenye mbwa kipande cha nguo alicholalia mama yake. Harufu hiyo humtuliza kuliko maneno yetu.

(d) Usiku wa baridi chupa ya maji ya uvuguvugu, iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa nguo, huweza kuwekwa kando yake.

(e) Kasha lisitumike kama gereza. Mchana atolewe, na kamwe asiachwe chini ya bati la ghala wakati wa jua kali. Asifungwe shingoni kwa waya wala kamba nyembamba. Tukumbuke kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, na chama nacho kimo ndani ya sheria hiyo.

Wanachama wengi wa mwambao ni Waislamu, na wale wanaofuata madhehebu ya Shafi huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Mbwa wa kulinda mifugo na mashamba ameruhusiwa, lakini haifai kumlaza mahali wanapoketi wanachama wakisubiri huduma, wala kuweka chombo chake pamoja na vyombo vya chai. Kasha la barazani, mbali na mlango wa kuingilia, humwondolea kila mtu mashaka. Kwa hiyo utaratibu huu una manufaa mawili: unawaheshimu wanachama na unamfaa mbwa mwenyewe.

4. RATIBA YA USIKU

Mtoto wa miezi miwili hawezi kuzuia haja yake usiku mzima. Saa mbili hadi tatu humtosha. Anapoongezeka mwezi mmoja huweza kuongeza kama saa moja. Ratiba hii yafaa kubandikwa ukutani penye kiti cha mlinzi:

Saa 12 jioni: chakula cha mwisho. Maji yawepo.
Saa 2 usiku: acheze kwa nguvu uani apate kuchoka.
Saa 3 usiku: atolewe kujisaidia, kisha aingizwe kashani.
Saa 6 usiku na saa 9 usiku: atolewe tena, kimya kimya, bila mchezo wala taa nyingi.
Saa 11 alfajiri: atolewe, asifiwe kwa kujisaidia mahali panapostahili.

Akilia baada ya kurudishwa, mlinzi kwanza ajiulize kama ana haja, ana baridi, au anaumwa na siafu. Kama hapana, amwekee mkono karibu na mlango wa kasha na kumsemesha taratibu, bila kumtoa. Asimpige, wala asilipigepige kasha. Ukimpiga anayelia kwa hofu umemwongezea hofu. Akitendewa hivi kila usiku, bila kubadilishiwa, kilio hupungua siku baada ya siku. Akishazoea, kasha lisogezwe kidogo kidogo hadi mahali atakapolala ukubwani.

5. KUZUIA KUTAFUNA

Hatua ya kwanza ni kuondoa vitu. Kabla ya kufunga ofisi, Katibu ahakikishe kwamba leja, stakabadhi, hati za malipo na mihuri vimo ndani ya kabati la chuma au sanduku lenye kufuli. Nyaya za umeme ziinuliwe, kwani mbwa anayetafuna waya huweza kufa na kuunguza jengo. Sumu ya panya na viuatilifu visiwekwe kabisa mahali anapofika.

Hatua ya pili ni kumpa chake cha kutafuna. Kamba nene ya katani iliyofungwa mafundo yafaa, au nguo nzito iliyolowekwa katika maji baridi na kukamuliwa, maana hupoza fizi. Kamba ikianza kufumuka itupwe, asije akameza nyuzi. Mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe aweza kupewa kwa muda mfupi, mtu akimtazama. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, maana huvunjika na kuwa kama sindano. Kokwa la embe nalo liondolewe uani, kwa kuwa akilimeza huweza kumziba utumbo.

Wengi wetu humpa ndala kuukuu. Hilo ni kosa. Mbwa hawezi kutofautisha ndala kuukuu na kiatu kipya cha Mwenyekiti. Kwake vyote vina harufu ya mguu.

Hatua ya tatu ni kubadilishana. Ukimkuta na kitu cha chama kinywani, usimkimbize, maana atadhani ni mchezo. Mwonyeshe kamba yake au kipande kidogo cha chakula. Akiachia, mpe hicho na umsifu. Na ukikuta uharibifu uliokwisha kutendeka, usimwite kumwadhibu. Hawezi kuunganisha kipigo cha asubuhi na karatasi ya usiku. Atakachojifunza ni kwamba kuitwa na mtu ni hatari, na mbwa asiyekuja anapoitwa hafai kwa ulinzi. Wengine hupaka vitu pilipili. Haifai kutegemewa, kwani humwumiza macho na haimfundishi atafune nini.

6. AFYA

Meno ya mtoto wa mbwa hayaharibu vitu tu, huuma pia. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu huua karibu kila mara, na sehemu kubwa ya vifo hivyo duniani hutokana na kuumwa na mbwa. Watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi. Kwa hiyo mbwa wa chama apelekwe kwa daktari wa mifugo mapema kwa dawa ya minyoo na chanjo za utotoni, apate chanjo ya kichaa atakapotimiza umri atakaoelekezwa, aghalabu miezi mitatu, na irudiwe kama itakavyoelekezwa. Cheti kitunzwe katika jalada la chama. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ni wakati mwema wa kukumbushana.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

7. WAJIBU WA BODI

Kabla ya kununua au kupokea mtoto wa mbwa, Bodi iandike katika kumbukumbu za mkutano mambo manne: atalala wapi, nani atamtunza usiku na nani mchana, chakula na chanjo vitalipwa kutoka fungu gani, na vitabu vitahifadhiwa wapi kila jioni. Chama kisichoweza kujibu haya manne hakijawa tayari kufuga, na ni afadhali kingoje.

Katika chama kile cha Temeke haya yote yalitekelezwa. Kabati la chuma lilinunuliwa, kasha likatengenezwa na fundi ambaye ni mwanachama, na mlinzi akakabidhiwa ratiba. Nilipokwenda ukaguzi uliofuata mbwa alikuwa mkubwa, amelala penye kiti cha mlinzi. Alibweka mara mbili, nikasimama hadi nilipotambulishwa. Stakabadhi zilikuwa kamili. Katibu ni yule yule.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA CHAMA

1. Jioni ya leo, vitabu vya chama chetu vitalala wapi?
2. Kama stakabadhi zetu zikiharibika usiku huu, ni wanachama wangapi kati yetu waliotunza zao nyumbani?
3. Ni nani anayewajibika kwa mbwa wa chama, na jina lake limeandikwa wapi?
4. Cheti cha chanjo cha mbwa wetu ni cha mwaka gani?
5. Je, tumewahi kumshuku mtumishi wa chama kabla ya kukamilisha uchunguzi? Tungefanyaje leo?