KUONA KWA MIKONO
(Somo kwa wale watakaoenda ku mize pamoja na wadogo zao)



Fungueni kitabu cha Yoshua, sura ya 4. Waisraeli wamevuka Yordani, na wanaagizwa kutosha mawe kumi na mawili katikati ya mto na kuyasimamisha inje. Kwa nini? Ili siku za mbele watoto wakiyaona waulize maana yake, na wazazi wapate nafasi ya kueleza. Mawe yale hayakuwekwa kwa ajili ya wakubwa, maana wakubwa walijua tayari. Yaliwekwa kwa ajili ya mtoto mwenye kuuliza. Sisi tunaona kwamba hii ndiyo maana nzuri kabisa ya nyumba ya makumbusho, ile watu wa hapa wanaita mize.

Mji wetu iko na mize yake, Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, iliyoanzishwa na Francis Cabu katika miaka ya 1940, wakati mji uliitwa bado Elisabethville. Toka huku kwetu Karavia, karibu na ziwa, si safari ya kuogopesha. Lakini tumesikia namna jamaa nyingi zinavyotembelea. Papa anatangulia, mama anabeba mtoto mudogo, wengine wanafuata mustari. Mutoto anauliza: «Papa, ile njo nini?» Papa anajibu: «Ile njo musalaba ya shaba ya bankambo.» Mutoto anatia mukono. «Hapana! Usiguse! Ona na macho!» Basi, wanapita. Kiisha nusu saa wako inje, wanatafuta maji ya kunywa, na mutoto amekumbuka kitu kimoja tu, ni kwamba walimukatalia.

Tusimlaumu mulinzi wala papa. Jasho la mikono iko na chumvi, na chumvi inakula shaba polepole, inaigeuza rangi. Kitu ambacho watu elfu wanashika hakitabakia kwa watoto wa watoto wetu. Tena kitu kisichofungwa kinaweza kuibiwa. Makumbusho ya inchi yetu, zaidi yale ya Kinshasa, yalipoteza vitu vingi katika fujo za miaka ya 1990. Kioo kinalinda. Lakini kioo hakifundishi sana, na hapa ndipo shida yetu inaanza.

Watu wa inchi zingine walikutana na shida hii hii. Kule Brooklyn, Marekani, walifungua mwaka 1899 makumbusho ya kwanza ya watoto. Katika mji wa Boston, Michael Spock, aliyekuwa mkubwa wa makumbusho ya watoto kuanzia mwaka 1962, aliondoa vioo na kuweka vitu vya kushika, kupasua na kuangalia ndani. Na mwaka 1969, katika mji wa San Francisco, mwalimu wa fizike Frank Oppenheimer alifungua Exploratorium, nyumba kubwa ambamo mtoto anazungusha, anavuta, anapuliza, anajaribu mwenyewe.

Tusimame kidogo kwa huyu Frank, maana jina lake linatugusa sisi watu wa Katanga. Yeye na kaka yake Robert walifanya kazi ya bomu la atomu wakati wa vita ya 1939-1945. Na sehemu kubwa ya uranium iliyotumiwa katika kazi ile ilitoka Shinkolobwe, hapa kwetu, upande wa Likasi. Kiisha vita, Frank alifukuzwa katika kazi za université kwa sababu za politike. Akaenda kufuga ngombe kule Colorado, na baadaye akafundisha katika shule ya sekondari ya kijiji. Hakuwa na vyombo vizuri. Alifundisha na vitu vya kuokota. Mize yake kubwa ilizaliwa katika masomo yale, kwa hiyo tusiseme kwamba kazi hii inangojea makuta mingi.

Lakini hata kabla ya Wamarekani, bankambo walijua kusoma na mikono. Baluba walikuwa na lukasa. Ni ubao mudogo unaoenea katika mukono, na juu yake kuko shanga, vipande vya chuma, pengine simbi. Mtu wa chama cha Mbudye, aliyefundishwa miaka mingi, aliushika kwa mukono wa kushoto, akapitisha kidole cha mukono wa kuume juu ya shanga, akaeleza habari za wafalme, safari zao, mahali patakatifu, sheria za ufalme. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo inaweza kuwa mfalme na watu wake. Mwingine akishika ubao ule ule siku ingine, mbele ya watu wengine, anaweza kueleza kwa namna ingine. Sasa, lukasa nyuma ya kioo ni kama Biblia iliyofungwa na kamba: unaona jalada tu. Hatusemi watu wavunje kioo! Tunasema mwalimu wa ufundi anaweza kuwasaidia wanafunzi kuchonga mfano wake, na kila darasa kuweka juu yake habari za shule yetu.

Kitu cha pili ni ule musalaba wa shaba. Wengi wetu tunauona kila siku juu ya vibao vya maduka na hatuulizi. Wachimbaji wa mambo ya kale waliukuta katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, katika kazi zilizoanza mwaka 1957. Kwa muda wa karne nyingi misalaba ile iligeuka. Ya kwanza ilikuwa mikubwa na michache. Kiisha ikawa midogo, mingi, yenye kipimo kimoja, mingine midogo kama ukucha, na ililazwa karibu na mikono ao kiuno cha marehemu. Wataalamu wanaona katika kupungua kule dalili kwamba ilikuwa inageuka kuwa feza ya kununua vitu vya kila siku. Mwaka 1961, Katanga ilipojitenga, walitengeneza sarafu za franka 1 na franka 5 zenye picha ya musalaba ule. Kama nkambo yako anatunza moja ndani ya sanduku, mulombe akuonyeshe, na umupe mutoto aishike. Ile haina kioo.

Namna ya kuupata ule musalaba ni somo zima la chimie. Jiwe la kijani, malachite, linaokotwa wakati wa kiangazi. Mafundi walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makala na jiwe, wakapuliza na mivukuto ya ngozi. Moto unatosha maji na gaze carbonique ndani ya jiwe, linakuwa jeusi. Kiisha makala inanyanganya oksijeni, na shaba inabaki. Inayeyuka kwa digri 1,085, na walikuwa wanaimimina katika kanyo ya udongo ao muchanga. Bila termometre! Fundi alisoma rangi ya moto. Mwaka 1926 Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu ya mafundi hao, waliokuwa wanaitwa «wala shaba». Yeye alikuwa Mkatolika, lakini alifanya vizuri kuandika, maana wazee wale walikuwa wanakwisha.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Mbele ya kwenda ku mize, chagueni vitu viwili ao vitatu tu, si vyote. Mukirudi nyumbani, tayarisheni meza moja ya kugusa: waya wa shaba, kipande cha malachite kilichotoka kwa mwalimu ama kwa fundi wa mapambo, makala, udongo wa kichuguu, kikapo, kinu. Mutoto afunge macho, apime uzito na mukono, anuse, aseme ni nini. Mukubwa asijibu mbele yake. Na munawe mikono na sabuni kiisha mchezo.

Tunaonya juu ya jambo moja, na tunalisema bila kucheka. Si kila jiwe la Katanga ni la kushika. Yako mawe mazuri ya manjano na ya kijani yenye uranium ndani. Musiokote mawe katika machimbo, wala musijaribu kuyeyusha kitu chochote ku mbabula. Moshi wake ni sumu.

Na kuko neno lingine linalotusumbua. Katika miji ya jimbo letu kuko watoto wa miaka kumi na miwili wanaojua malachite na kobalti kwa mikono kupita sisi na walimu wetu. Wanabeba mifuko, wanaosha mawe ndani ya mito, wanavuta vumbi. Hakuna aliyewakatalia kugusa. Mutoto wa namna hii akija ku mize, angeweza kutufundisha sisi, lakini siku ile angepoteza chakula chake. Walimu wanatuambia tujifunze kwa kutenda. Sawa, lakini kutenda kwa mutoto ambaye hakuna mutu wa kumueleza jiwe linakwenda wapi na linafanya kazi gani, si masomo. Katika mitaa yetu tunawajua watoto wengine wa hivi. Tukienda na jamaa, mmoja wao anaweza kuhesabiwa pamoja na wadogo zetu.

Kazi ya nyumbani, kwa darasa la tatu na kuendelea: malachite safi iko na shaba kama 57.5 kwa mia. Hesabuni ni kilo ngapi za malachite zinahitajiwa ili kutengeneza musalaba wa kilo 1. Kiisha ulizeni mzee mmoja wa jamaa yenu kama amekwisha kuuona moto wa mafundi, na muandike jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni neno «hapana» tu.