Miali ya Machweo: Kufundisha Somo la Mwanga kwa Picha

Somo la mwanga aghalabu hufundishwa ubaoni kwa mstari na mshale. Mwanafunzi hukariri kwamba miali ya jua hutufikia ikiwa sambamba, ilhali kila jioni macho yake humwambia kuwa imetawanyika kama vidole. Yafaa mwalimu aukabili ukinzani huo badala ya kuukwepa.

Shule za Mnazi, zilizo uwandani kaskazini mwa milima ya Usambara, zina nafasi njema. Mwezi Desemba jua huchwea kusini kidogo mwa magharibi, upande wa milima. Vilele na mawingu huukata mwanga, na angani hutokea mistari ya nuru na kivuli.

Vifaa: Simu moja yenye kamera, dira, saa na daftari.

Hatua:
1. Mtu asilitazame jua wala kulielekezea kamera. Subirini lijifiche kabisa nyuma ya milima.
2. Egemezeni kamera juu ya jiwe isitikisike. Punguzeni mwanga wa picha ili rangi zisififie.
3. Pigeni picha ya magharibi, kisha geukeni mara moja mpige ya mashariki. Andikeni saa na uelekeo.

Siku anga likikubali, picha ya mashariki huwashangaza wanafunzi: miali iliyotawanyika magharibi huonekana ikielekea kukutana tena upande wa pili. Hapo mwalimu aulize: ikiwa kweli hutawanyika kutoka juani, mbona inakutana tena?

Asiharakishe kujibu. Awapeleke wanafunzi wasimame katikati ya mistari ya mkonge. Mbele yao mistari hukaribiana. Wakigeuka nyuma, hukaribiana vilevile. Hata hivyo wakipima kwa hatua, nafasi ni ileile. Ndivyo ilivyo miali: jua li umbali wa kilometa zipatazo milioni 150, kwa hiyo miali yake hutufikia karibu sambamba. Kukutana ni kwa macho tu.

Jioni nyingine miali haitaonekana, ama kwa kukosa mawingu ya kuukata mwanga, ama kwa wingu zito kuuziba wote. Picha ya jioni hiyo nayo ihifadhiwe, kwani huonyesha masharti ya tukio.

Tathmini: Kila mwanafunzi achore picha zote mbili na kueleza, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini kamera nayo huonyesha miali ikikutana.