Kuuza Chakula cha Kiwanda kwa Jina la Mapishi ya Nyumbani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, katika darsa yetu ya baada ya Isha tuliletewa suala na mmoja wa wanafunzi wetu ambaye ana duka. Yeye hununua sambusa zilizokwisha kutiwa nyama na kugandishwa kiwandani, huzikaanga dukani kwake, na juu ya mlango ametundika kibao kisemacho kuwa ni sambusa za nyumbani. Mkewe amemwambia kuwa huo ni uwongo. Yeye asema ni ada ya biashara na hapana asiyejua. Wametutaka tuwaamue, nasi tumeona tuliandike jibu, kwani kibao kama hicho si chake peke yake.

Kwanza yatupasa kuondoa jambo moja njiani, kwani liliposomwa suala hili baadhi ya wazee waliohudhuria walianza kulaani pakiti na makopo yote. Silo hilo. Asili ya vyakula ni halali mpaka ipatikane dalili ya kuharimisha. Tui la unga, manda zilizo tayari, kidonge cha mchuzi, vyote hivyo, maadamu nyama na mafuta yake ni ya halali, mtu ana ruhusa kuvila na kuviuza. Mwanamke atokaye kazini magharibi na watoto wamngoja hana dhambi akifungua pakiti badala ya kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi. Na wanaume wanaomlaumu, wengi wao hatujapata kuwaona wameikalia mbuzi hiyo. Maneno yetu si juu ya chakula, ni juu ya jina.

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kutoka kwa Abu Huraira, kuwa Mtume (s.a.w.) alipita penye fungu la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata umajimaji. Alipomuuliza mwenyewe, akajibu kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka ile iliyorowa juu watu wakaiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Tazameni vyema, ndugu zangu. Muuzaji yule hakutamka uwongo hata neno moja. Nafaka ilikuwa nafaka kweli, na mvua hakuileta yeye. Kosa lake ni kulipanga fungu lake hata jicho likaona hali isiyokuwamo.

Zaidi ya miaka elfu na mia tatu baadaye, huko Marekani, picha za matangazo ya supu ya makopo ya Campbell zilipigwa kwa hila. Vipande vya mboga huzama bakulini, juu yakaonekana maji matupu. Basi zikatiwa gololi za kioo chini ya bakuli ili vipande vikae juu. Tume ya serikali ya huko isimamiayo biashara ikalishika jambo hilo, na mwaka 1970 likamalizika kwa amri ya kuacha. Yule wa Madina alificha kibaya chini, hawa walitia kitu chini ili kizuri kipande juu. Mambo ni yale yale.

Na katika madhhab yetu ya Shafi yako mafungu yaliyo karibu zaidi na suala letu. Mnyama akiachwa siku kadhaa bila kukamwa ili kiwele kijae, mnunuzi akadhani ndio wingi wa maziwa yake, sharia imempa khiari ya kumrudisha, pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokwisha kuyakama. Imam Nawawi katika Minhaj ameambatisha na hilo maji ya mfereji au ya kinu cha kusagia yaliyozuiwa, kisha yakafunguliwa saa ya kuuza. Sababu ni kuwa mnunuzi ametoa bei kwa sifa aliyoonyeshwa, na sifa haipo.

Basi neno hili «nyumbani» je, ni sifa yenye bei au ni pambo tu? Ndugu yetu alipoulizwa kwa nini asikiondoe kibao ikiwa kila mtu ajua, alinyamaza. Lau kila mtu angejua, kisingekuwa na faida, naye asingelipa fundi kukichora. Mnunuzi asomapo hivyo hudhani yuko mama aliyekata vitunguu asubuhi, na nyama iliyonunuliwa kwa mchinjaji ajulikanaye. Mwenye maradhi ya presha naye hudhani chumvi imetiwa kwa mkono wenye huruma. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kadiri ya kijiko kimoja cha chai. Kwa kanuni ya maandishi ya pakiti, kilichozidi kwa uzito huandikwa mwanzo. Na mwenye kugeuza pakiti za vidonge vya mchuzi ataona kuwa mara nyingi ni chumvi. Aliyehadaiwa kwa jina haigeuzi pakiti, kwani hata haioni.

Kumtia mama ndani ya pakiti si hila ngeni. Mwaka 1921 kampuni ya unga ya Washburn-Crosby, ya Minneapolis, ilipata barua nyingi za watu wakiuliza mambo ya kuoka, ikabuni jina la mwanamke, Betty Crocker, liwe sahihi ya majibu. Mwaka 1936 akachorewa uso, na baadaye jina lake likawa juu ya pakiti za keki. Mwanamke huyo hakuzaliwa kamwe.

Lakini katika mitaa yetu mama yuko kweli. Wako wajane wanaosomesha watoto kwa mahamri na viazi karai, waamkao kabla ya alfajiri. Jina la nyumbani ndilo rasilimali yao, na kila alitundikaye kwa uwongo amechota katika chungu chao. Hili ndilo lililotutia uzito kuliko yote, na ndilo alilolisema mkewe tangu mwanzo.

Hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupata habari za anachokinunua, na imeliagiza Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki na ya kweli. Lakini Mwislamu hangoji mkaguzi.

Mmoja aliuliza kuhusu mwenye kumwandalia mgeni chakula cha duka bila kusema. Hapo hapana mauzo, wala halazimiki kueleza. Ila mgeni akisifu mkono wake, naye akaipokea sifa, na aikumbuke hadithi ya Asma juu ya mwenye kujionyesha kashiba kwa asichopewa, aliyefananishwa na mvaaji wa nguo mbili za uwongo.

Tumemjibu ndugu yetu kuwa biashara yake ni halali na kibao chake ni haramu. Akishushe, atubu, na anayekuja kudai amrudishie fedha zake. Au kama alipenda neno lile, yuko jirani yake apikaye sambusa. Na anunue kwake kwa bei ya haki. Akatuuliza, na akibaki na zile za kiwandani, kibao kiandikwe nini? Tukamwambia kiandikwe «sambusa moto», kwani hilo ni kweli.

Wallahu aalam.