Piko si hina: mwili hukumbuka

SIKU ya tatu baada ya Idd, binti wa ndugu yangu aliletwa nyumbani mkono umevimba. Ua alilochorwa kwa piko lilikuwa limegeuka malengelenge, jani kwa jani, kama mchoro wenyewe. Mama yake akauliza: "Mbona mwaka jana alipaka na hakudhurika?"

Ndugu msomaji, swali hilo ni zito. Hina halisi, unga wa majani ya mhina, hutoa wekundu au rangi ya kahawia. Weusi wa piko aghalabu hutokana na kemikali ya kupakia nywele iitwayo parafenilinidiamini, yaani PPD. Kwa mtu anayepata mzio, mara ya kwanza chembe za kinga huitambua kimya kimya na kuiweka katika kumbukumbu; mashambulizi huja mara ya pili, au hata ya tano. Kwa hiyo kule kusalimika mwaka jana hakuthibitishi usalama. Huenda ndiyo siku mzio ulipopandwa.

Kwa sababu hiyo maabara haziridhiki na kupaka mara moja. Mwaka 1969 Magnusson na Kligman walichapisha kipimo cha simbilisi: mnyama hupewa kemikali, huachwa apumzike, kisha hupewa tena. Baadaye likaja jaribio la kupaka masikio ya panya na kupima jinsi chembe zinavyozaliana katika tezi za limfu zilizo jirani. Zikiongezeka mara 3 au zaidi, kemikali huhesabiwa kuwa inaleta mzio. Na kadiri kiasi kinachotosha kufanya hivyo kilivyo kidogo, ndivyo hatari ilivyo kubwa. PPD imo katika kundi la kali. Siku hizi wanyama wanapunguzwa: huangaliwa kama kemikali inanasa kwenye vipande vya protini, kisha jinsi inavyoziamsha chembe za ngozi na za kinga zilizokuzwa maabara. Mwaka 2021 shirika la OECD lilitoa mwongozo wa kuyaunganisha majibu hayo.

Ulaya huruhusu PPD isiyozidi asilimia 2 katika dawa ya nywele inapopakwa, na hairuhusu kuchorea ngozi. Piko zilizopimwa sehemu mbalimbali zimewahi kukutwa na kiasi kikubwa kuliko hicho.

Mzio huu kwa kawaida haufutiki. Binti yule atalazimika kujihadhari na dawa nyeusi za nywele hata uzeeni (nasi wanaume tunaopaka ndevu tusijisahau). Nilikwenda kuiulizia pakiti iliyotumika. Haikuwa na jina la kiwanda, wala orodha ya vilivyomo.