Mandari ya watoto na dubu wao

SWALI: Naishi Nakasero, Kampala. Nataka kuwaandalia watoto wa miaka 2 na 3 mandari, kila mmoja aje na dubu wake wa kuchezea. Nipange vipi?

JIBU: Chagua asubuhi, saa nne hadi tano na nusu, kabla ya jua kali na usingizi wa mchana. Aprili na Novemba mvua ni nyingi. Kwa hiyo uwe na baraza karibu la kujikinga. Tandika mikeka kivulini. Soko la Nakasero lina ndizi, papai na parachichi. Kata vipande vidogo laini. Usiwape njugu, bisi wala zabibu nzima: huwakaba. Kagua macho ya dubu yasing'oke, na weka dubu wa akiba kwa asiye naye. Zaidi ya yote, watu wazima wasiondoke mkekani.