Juma Moja Katika Kazi ya Habari ya Chama cha Wafugaji



Tukisikia neno staji, wengi wetu tunafikiri ofisi yenye meza na muhuri, au hospitali, au shule. Ni wachache wanaofikiri chama cha wafugaji. Tena wachache zaidi wanajua kwamba chama kama hicho kina kazi kwa kijana anayejua kuandika na kuhesabu. Katika somo hili tutaeleza kazi hiyo siku kwa siku, ili yule atakayetumwa huko asifike mikono mitupu. Tunataka neno moja likae kichwani: habari nzuri ya mfugaji ni ile inayomwambia jambo la kweli na kumwezesha kufanya kitu leo.

I. KWA NINI WAFUGAJI WANAHITAJI HABARI

Hapa kwetu Kasongo na Kabambare, mbuzi si nyama tu. Mbuzi ni minervali ya mtoto, ni dawa ya mgonjwa, ni mali ya ndoa. Ng'ombe ni wachache kuliko kule milima ya Kivu, na sababu moja ni mbung'o, yule inzi anayeleta nagana. Basi mali ya nyumba nyingi ni mbuzi, kondoo, nguruwe na kuku. Wakifa kwa juma moja, mtoto anarudi nyumbani kutoka shule.

Tujifunze kwa mambo ya zamani. Kunako mwaka 1890, sotoka ya ng'ombe ilipita Afrika ya Mashariki na kuua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Wamasai na wa watu wengine. Wakati ule ugonjwa ulitembea mbio kuliko habari. Baadaye, huko Muguga katika Kenya, mganga wa wanyama Walter Plowright alitengeneza chanjo nzuri. Lakini chanjo peke yake haikutosha. Ilibidi wafugaji wenyewe waseme ugonjwa umebaki wapi, ili wachanjaji wafike pale. Mara ya mwisho ulionekana Kenya mwaka 2001, na mwaka 2011 mataifa yalitangaza kwamba umekwisha duniani. Mpaka leo magonjwa yaliyomalizwa duniani kote ni mawili tu: ndui ya watu na sotoka ya ng'ombe.

Ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, yuko bado. Katika Kongo ilihakikishwa mwaka 2008. Mwaka 2015, katika mkutano wa Abidjan, mataifa yalipatana kujaribu kuimaliza kabla ya mwisho wa mwaka 2030. Dalili zake ni homa, makamasi, vidonda mdomoni, kukohoa na kuhara. Haishiki watu. Dawa ya kuua kile kijidudu hakuna, lakini chanjo moja inamkinga mbuzi kwa miaka 3 au zaidi.

II. KAZI YA SIKU SITA

Siku ya kwanza: daftari. Stajieri anaanza kwa kujua wanachama. Anaandika kijiji, wanyama wa namna gani, wangapi, na njia gani ya kumfikia mtu. Hapa kuna mtego. Mara nyingi jina katika daftari ni la baba, lakini anayefunga mbuzi asubuhi na kuwafungua ni mama na watoto. Habari ikifika kwa baba aliyekwenda Salamabila kutafuta zahabu, mbuzi hawatapona. Kwa hiyo tuulize kila nyumba: nani anaangalia wanyama? Jina lake pia liandikwe.

Siku ya pili: soko. Kazi ni kuandika bei. Usimwulize mtu mmoja, maana mwuzaji anapandisha na mnunuzi anashusha. Uliza wauzaji watatu na wanunuzi watatu, tena bei iliyolipwa, si bei iliyoombwa. Andika kama ni dume au jike, mkubwa au mdogo. "Mbuzi ni bei gani" si ulizo, maana mbuzi wote hawalingani. Mfugaji wa kijiji cha mbali akijua bei ya Kasongo, mchuuzi hawezi kumdanganya.

Siku ya tatu: neno la ugonjwa. Mtu anafika na baisikeli, jasho linamtoka, anasema: "Mbuzi zetu kule ziko zinaisha!" Stajieri asikimbilie redio. Kwanza amkaribishe mgeni, ampe maji, kisha amwulize polepole: Wapi? Tangu siku gani? Wangapi wamekufa, na wangapi walikuwako? Ulizo hili la mwisho linasahauliwa sana. Mbuzi 12 waliokufa kati ya 15, na 12 waliokufa kati ya 200, ni habari mbili mbalimbali. Ya kwanza ni 80 kwa mia, ya pili ni 6 kwa mia.

Siku ya nne: kuhakikisha. Neno la mtu mmoja ni mwanzo tu. Tunamwita veterineri wa teritware, maana ni yeye anayeweza kusema jina la ugonjwa. Stajieri haandiki "ni sotoka" kwa sababu ameona makamasi. Anaandika "mbuzi wanakohoa na kuhara, veterineri ameitwa". Hiyo ni kweli, tena inatosha kuanza kujilinda.

Siku ya tano: kupeleka. Redio ni njia kubwa. Iko Redio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, na hapa Kasongo iko Redio Sauti ya Mkaaji. Lakini si kila nyumba iko na redio, na mapili yanaisha. Kwa hiyo tangazo lilelile lisomwe kanisani siku ya Mungu, msikitini siku ya Ijumaa, na sokoni kwa sauti. Wapewe pia wasukuma-baisikeli, maana wao wanapita vijiji vyote. Liwe fupi, ili likipita midomo kumi lisigeuke.

Siku ya sita: kurudi. Stajieri anakwenda kijiji kimoja na kuuliza: "Mulisikia nini?" Hasemi yeye kwanza. Akikuta watu wamesikia mambo mengine, tangazo halikuwa wazi, lazima kuliandika upya. Kazi ya habari haiishi siku ya kutangaza. Inaisha siku watu wamefahamu.

III. MATANGAZO MAWILI

Haya ni mifano ya kujifunza tu, si habari iliyotokea.

Tangazo baya: "Ugonjwa mkali unamaliza mbuzi wote. Wafugaji wote waangalie sana!" Mtu akisikia hivi atafanya nini? Atauza haraka kwa bei ya hasara. Mchuuzi atapeleka mbuzi wale wagonjwa soko lingine, na ugonjwa utapata miguu. Tangazo limesaidia ugonjwa.

Tangazo zuri: "Katika kijiji fulani, tangu siku ya kwanza, mbuzi 12 kati ya 40 wamekufa. Wanakohoa na kuhara. Veterineri atafika siku ya tano. Mpaka pale, kila mtu afunge mbuzi nyumbani, asinunue wala asiuze, asichanganye wageni na wenyeji. Mwenye kuona dalili amwambie mwenyekiti wa kijiji."

Angalieni: mahali, siku, hesabu, dalili, na jambo la kufanya. Jina la mwenye mbuzi halimo. Tukimhaibisha mmoja, kesho mwingine ataficha.

IV. NENO GUMU: KUSEMA AU KUNYAMAZA

Wengine katika komite watasema: "Tukitangaza, bei itaanguka. Tunyamaze kwanza." Tusiwacheke, hofu yao ni ya kweli. Nyumba yenye mbuzi sita inaweza kupoteza minervali ya mwaka kwa tangazo moja. Lakini tupime. Bei iliyoanguka inaweza kupanda tena, na mbuzi aliyekufa hapandi. Tena mwenye kununua mbuzi mgonjwa bila kujua, naye ni jirani yetu. Soma Ezekieli 33:1-6, habari ya mlinzi aliyeona upanga unakuja asipige baragumu. Mungu anadai damu ya watu mkononi mwake. Karani wa chama cha wafugaji ni mlinzi wa namna ile.

Lakini mlinzi mwenye akili anajua pia neno la kufunga. Huko Goma kiko chama cha wafugaji, ACOGENOKI, na mara nyingi kimepaswa kutangaza ng'ombe walioporwa na watu wenye silaha katika vita vya Kivu ya Kaskazini. Kabambare pia imejua bunduki. Basi hesabu ya wanyama wa kila mtu, njia watakayopita na mahali watakapolala visisomwe redioni. Daftari likae katika sanduku lenye kufuli. Habari ya ugonjwa ni ya watu wote, lakini habari ya zizi ni ya mwenye zizi.

Mithali 27:23 inatufundisha kujua hali ya makundi yetu. Mtu mmoja anaweza kujua zizi lake. Kujua hali ya vijiji ishirini, lazima watu waambiane kweli, na pawe mtu wa kuandika. Kazi hii haihitaji mashine kubwa. Inahitaji kalamu, daftari, miguu na ulimi wa kweli.

V. MAULIZO

1. Kwa nini "wangapi walikuwako" ni ulizo la lazima?
2. Katika kijiji A wamekufa mbuzi 9 kati ya 30, katika kijiji B 10 kati ya 80. Ni wapi hali ni mbaya zaidi? Onyesha hesabu.
3. Andika tangazo la maneno 40 juu ya kuku wanaokufa kijijini kwenu. Msomee mtu mmoja asiyejua kusoma, kisha umwombe alirudilie. Ni neno gani limepotea?
4. Taja habari mbili za chama zinazopaswa kutangazwa, na mbili zinazopaswa kufungwa. Toa sababu.